Nile: Tope Likija, Chumvi Ikitoka

Sisi watu wa Maziwa Makuu hupenda kujisifu kwamba maji yetu, yale yanayotoka Ziwa Viktoria pale Jinja, ndiyo yaliyowalisha Mafirauni. Ni kweli nusu. Yakifika kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yake hukauka juani, na tope huchujwa humo humo. Yanayobaki hutiririka taratibu mwaka mzima. Yaliuzuia mto usikauke wakati wa kiangazi, lakini shibe ya Misri ilitoka Ethiopia.

Kuanzia Juni mvua huzipiga nyanda za juu za Ethiopia, zenye miamba ya volkano, na Nile ya Buluu pamoja na mto Atbara huzoa udongo wake. Zamani furiko hilo lilipanda Misri kuanzia Julai hadi Septemba, katika nchi ambayo yenyewe haioni mvua ya maana. Wamisri waliiita nchi yao Kemet, yaani nyeusi, kwa rangi ya tope hilo. Jangwa lililowazunguka lilikuwa Deshret, nyekundu. Mwaka wao ulikuwa na majira matatu: furiko, kupanda na kuvuna.

Mashamba yalizungushiwa matuta. Maji yaliingizwa, yakaachwa yatuame kwa mwezi au zaidi, kisha yakafunguliwa yarudi mtoni. Tope lilibaki. Ngano na shayiri zikamwagwa juu yake lingali bichi, mifugo ikapitishwa izikanyage mbegu zizame.

Tope husifiwa na kila mtu. Mimi hustaajabia zaidi kilichoondoka. Penye jua kali, maji ya kumwagilia hukauka na kuacha chumvi, mwaka baada ya mwaka, hadi shamba likatae mazao. Kusini mwa Mesopotamia walionja balaa hilo. Misri, maji yaliyorudi mtoni yalikuwa yameshaosha udongo, na shamba lile lile likalimwa kwa maelfu ya miaka.

Ila mto haukuwa na kipimo kimoja. Kwenye kisiwa cha Elephantine, karibu na Aswan, ngazi za mawe zilichongwa alama za kusomea kina. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba dhiraa 12 zilimaanisha njaa na 16 furaha. Tofauti hiyo ni kama mita 2 tu! Maji yakizidi mno, matuta yalibomoka na vijiji vikazama. Watawala nao waliusoma mto kwa sababu yao: kina cha maji kiliashiria mavuno, na mavuno yalikuwa kodi.

Mto ulikuwa pia barabara. Mabaharia wa pwani yetu walingoja kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe. Mmisri hakungoja msimu: alitweka tanga, upepo wa kaskazini ukampandisha kusini, kisha akalikunja, mkondo ukamrudisha. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, ziliibuliwa karatasi za mafunjo zenye kumbukumbu za Merer, msimamizi wa mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza, kwenye piramidi ya Firauni Khufu, miaka ipatayo 4,500 iliyopita.

Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha furiko. Tope sasa hutua chini ya Ziwa Nasser, nyuma ya bwawa hilo. Wakulima hununua mbolea, na chini ya mashamba mengi yamefukiwa mabomba yenye matundu, ya kutolea maji ya chumvi.