Butembo na Beni: Pasi hukaguliwa mpakani, waya wa tatu hukatwa nyumbani

Pasi ya umeme inayouzwa Butembo au Beni mara nyingi imesafiri mbali: imetoka China au Dubai, ikashushwa bandari ya Mombasa, ikavuka Uganda hadi Mpondwe, kisha ikaingia Kongo kwa Kasindi. Hapo mpakani kazi ya kukagua ubora wa bidhaa ni ya OCC, ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1974. Mizigo mikubwa hutakiwa kukaguliwa hata kabla ya kupakiwa melini, kazi ambayo OCC iliikabidhi kampuni BIVAC.

Lakini kuna hatari ambayo karatasi za mpakani haziwezi kuizuia. Iko kwenye fishi.

Uganda hutumia fishi ya Kiingereza, yenye miguu mitatu ya bapa, na priza za huku kwetu zina matundu mawili ya duara. Mnunuzi akifika nyumbani, fishi haiingii. Fundi wa mtaa anaikata, anafunga ya miguu miwili, na waya wa tatu, ule wa rangi ya kijani na manjano, unakunjwa na kufunikwa kwa skochi. Pasi inapata moto kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeshituka, mpaka siku waya wa ndani unapoungua na kugusa chuma. Ule wa tatu ndio ungepeleka umeme ardhini. Usipokuwepo, umeme unapita mwilini mwa anayepiga pasi, hasa akiwa peku juu ya sakafu yenye maji. Fyuzi iliyokuwa ndani ya fishi ya kwanza nayo imetupwa.

Fundi mwenye kipimo cha umeme anaweza kuhakikisha kwa dakika moja, pasi ikiwa imechomolewa: ncha moja kwenye sehemu ya ardhi ya fishi, nyingine kwenye chuma cha chini. Kipimo kikilia, waya umefika. Ila nyumba yenyewe isipokuwa na waya wa ardhi, fishi nzuri haisaidii kitu. Hilo ni la kumuuliza aliyefunga umeme.

Pasi za okazyo kutoka Marekani zina shida yao. Iliyoandikwa volti 120, ikichomekwa kwenye 220 za hapa, huvuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyotengenezewa.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kuna wanaoiacha pasi imelala juu ya nguo, priza haijachomolewa, wakaenda sokoni. Wenye pasi ya makala hawaijui shida hiyo. Yao ni moshi, na cheche juu ya shati jeupe la mwanafunzi.