Ratiba ya Mazoezi Ipimwe kwa Saa za Nyumbani

Mwaka 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ulioko kando ya Ziwa Kivu, ulikuwa mwenyeji wa triatloni ndefu: kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, yote kwa siku moja.

Anayekusudia kushiriki kwa mara ya kwanza huvutiwa upesi na ratiba ya bingwa. Hilo ni kosa. Kazi ya bingwa ni mazoezi. Hafungui duka alfajiri wala hapeleki mtoto zahanati.

Yampasa kwanza kuketi na mwenzake wa nyumbani, waandike shughuli za juma zima, waone saa zinazobaki kweli. Zikibaki saba, ratiba ya saa kumi na nne iachwe, hata ikisifiwa vipi. Ajipe miezi sita.

Kisha autazame udhaifu wake. Mkimbiaji hodari asiyeogelea vema hahitaji mbio zaidi, bali maji mara tatu kwa juma, mwalimu akiwapo: kwanza bwawani, ndipo ziwani, mtumbwi ukimfuata karibu. Barabarani aliyechoka huketi kando ya njia. Ziwani hakuna pa kuketi.

Ratiba isiyo na siku ya kupumzika haifai. Iliyo njema hupunguza kazi kila juma la nne, na tena majuma mawili ya mwisho. Safari ndefu ya baiskeli, ambayo humaliza nusu ya siku, ndiyo inayowagusa zaidi watu wa nyumbani. Siku yake iamuliwe pamoja nao kabla ada ya kushiriki haijalipwa.