Boljointi Iliyoshikamana na Jinsi ya Kuitoa

Wasomaji wenye magari ya zamani hawatakosa kuijua sauti ile isikikayo upande wa mbele, gurudumu lipitapo katika shimo: ko, ko, ko, kama mtu abishaye hodi. Mara nyingi sauti hiyo yatoka katika boljointi iliyolika. Gari lenye kasoro hiyo halifai kuendeshwa, maana boljointi ikichomoka njiani gurudumu hulala ubavu, na dereva akizungusha usukani hapati jibu.

Jina hili mafundi wamelitwaa kutoka Kiingereza, nami sioni haja ya kulitungia jingine. Nenda dukani ukaombe "kifundo cha tufe", utarudi mikono mitupu. Kitu chenyewe ni mfano wa kiungo cha nyonga ya mtu. Tufe la chuma limo ndani ya kikombe, nalo laweza kugeuka huku na huku. Kikombe kimefungwa katika mkono wa gari, ule upandao na kushuka pamoja na springi. Kutoka katika tufe umetokeza mguu mfupi, nao huingia katika tundu la chuma kibebacho gurudumu, kisha hukazwa kwa nati.

Sasa tuuangalie vema mguu huo, kwa kuwa taabu yote imo humo. Haukuchongwa sawasawa toka juu hata chini. Ni mnene upande wa tufe, na hupungua unene pole pole kuelekea kwenye nati. Tundu nalo limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa huuvuta mguu ndani ya tundu, kama kizibo cha kioo kinavyodidimizwa katika shingo ya chupa, na vyuma viwili vikashikana hata ukiiondoa nati havitengani. Ndivyo ilivyokusudiwa. Tena gari likikaa miaka mingi, mpira wa kufunikia hupasuka, maji na tope huingia, na kutu huongeza nguvu yake juu ya nguvu ile ya kwanza.

Kwa hiyo mtu aionaye boljointi imekwama, akadhani dawa yake ni kuvuta kwa nguvu zaidi, amekosea njia. Nimepata kumwona kijana mmoja akiupiga mguu kwa nyundo juu ya ncha yake tangu asubuhi hata adhuhuri. Kiungo hakikutoka, na hesi za mguu zilitandazika hata nati haikuweza kupita tena.

Kabla ya kugusa nati yo yote, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, inua gari, na uliegemeze juu ya stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Kisha weka jeki ya pili chini ya mkono wa chini, uuinue kidogo. Hili lisisahauliwe hata kidogo. Springi imejaa nguvu hata wakati gari limesimama kimya, na kiungo hicho ndicho kinachoizuia. Kikiachia ghafula pasipo kitu cha kuutegemeza mkono, chuma huruka chini kwa nguvu iwezayo kuvunja mkono wa fundi, au kumwua. Breki nayo isining'inie kwa bomba lake la mpira. Ifunge kwa waya mahali palipo imara.

Safisha hesi kwa brashi ya waya, utie mafuta ya kulegeza kutu, na ukiweza uyaache usiku kucha. Ondoa pini ndogo izuiayo nati, kama ipo. Legeza nati mizunguko michache, lakini usiitoe. Ikiwa mguu utakataa kutengana kwa amani, nati hiyo ndiyo itakayoudaka. Pengine nati huzunguka pamoja na mguu wake. Hapo sukuma kwa jeki ili mguu ubanwe katika tundu lake, nawe utaweza kuilegeza.

Sasa piga, lakini usipige mguu. Piga ubavu wa chuma kilichouzunguka, pale penye tundu, na upande wa pili mwenzako aegemeze nyundo nzito. Pigo moja la nyundo ya ratili nne lafaa kuliko mapigo kumi ya nyundo ndogo. Kila pigo hulibonyeza tundu kwa kitambo kisichopimika, likawa kama yai, kisha likarudi katika umbo lake. Katika kurudi huko mguu hupoteza mshiko, nao hushuka kwa mlio mkali hata wakaida kipya hushtuka. Chombo cha kubania chenye skrubu kikiwapo, kikaze kwanza, ndipo upige; vitu hivyo viwili hufanya kazi pamoja vizuri kuliko kimoja kimoja. Uma wa chuma upigiliwao kama kabari nao hufaulu, ila hupasua mpira wa kufunikia, basi utumie pale tu boljointi inapokwenda kutupwa. Wako wanaokimbilia moto wa gesi. Grisi iliyofungiwa ndani huchemka na yaweza kumrukia mtu usoni, tena moto huondoa ugumu ambao chuma kilitiwa kiwandani.

Kutenganisha mguu si mwisho wa kazi katika kila gari. Volkswagen ndogo ile yenye mgongo wa mviringo ilianza kutumia boljointi katika magari ya mfano wa 1966, nazo ziliingizwa katika mikono kwa mashine ya kushindilia. Nyundo haitoshi hapo. Heri kuufungua mkono wote na kuupeleka gereji yenye mashine ya mafuta. Tena mguu wa boljointi yake ya juu hupita katika kipete chenye tundu lisilokaa katikati, ambacho hurekebisha mwinamo wa gurudumu. Kitie alama kabla ya kukigusa. Ikiwa tundu la mkono limekwisha kupanuka kwa kubadilishwa mara nyingi, ziko boljointi za kipimo kikubwa kidogo.

Wakati wa kurudisha, pangusa mguu mpya na tundu lake hata vikauke kabisa. Usitie grisi mahali hapo. Tumia nati mpya, uikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari, na magurudumu yakapimwe unyofu wake kabla ya safari ndefu.