Vincent Lingiari: Mgomo uliodai ardhi (Sehemu ya Kwanza)

Tarehe 23 Agosti 1966, Vincent Lingiari aliwaongoza watu wapatao 200, wengi wao wa jamii asilia ya Wagurindji, wakaihama ranchi ya Wave Hill katika Jimbo la Kaskazini la Australia. Mmiliki alikuwa kampuni ya ukoo wa Vestey wa Uingereza. Lingiari alikuwa miongoni mwa wachunga ng'ombe wake hodari.

Kazi yenyewe ilikuwa ya farasini, juani, kutwa nzima. Malipo yalikuwa posho ya unga, sukari, chai na nyama, pamoja na vijisenti, na malazi yalikuwa vibanda vya mabati. Machi mwaka huohuo tume ya usuluhishi wa kazi ilikubali kwamba wachunga ng'ombe wenyeji asilia wa Australia walipwe sawa na wazungu, kisha ikaahirisha utekelezaji hadi Desemba 1968. Watu walitambuliwa haki yao, wakaambiwa wangoje! Dexter Daniels, mwenyeji asilia aliyefanya kazi ya chama cha wafanyakazi, akawahimiza wagome.

Waliokuwa mbali waliudhani mgomo wa mishahara tu. Kumbe walichotaka ni ardhi: mwaka 1967 Wagurindji walihamia mahali paitwapo Daguragu, wakapiga kambi na kuanza kujijengea. Aprili wakamwandikia Gavana Mkuu wakidai takribani kilomita za mraba 1,300 za nchi ya mababu zao. Mwandishi Frank Hardy aliwasaidia kuitunga barua hiyo. Lingiari na wazee watatu wakatia alama za dole gumba. Serikali ilikataa. Wao hawakurudi kuchunga ng'ombe wa Vestey, na hapo ndipo ulipo ukubwa wa Lingiari: alishikilia dai hilo kwa zaidi ya miaka minane bila jamii yake kusambaratika.

Tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alifika Daguragu, akammiminia Lingiari mchanga mwekundu kiganjani. Mpiga picha Mervyn Bishop, naye mwenyeji asilia, aliona kivulini hapafai, akaomba watoke nje na kurudia tendo lile chini ya anga la buluu. Picha hiyo ndiyo inayojulikana duniani.

Haionyeshi, hata hivyo, kwamba hati waliyokabidhiwa siku hiyo, ya zaidi ya kilomita za mraba 3,000, ilikuwa ya kukodi. Umiliki kamili ulipatikana 1986, Lingiari akafariki Januari 1988. Sheria ya Haki za Ardhi ya 1976, iliyofungua njia ya umiliki huo, itaelezwa katika sehemu ya pili.