Goti, kisu na mahesabu: utafiti unavyotikisa soko la tiba ya mifupa

WAFANYABIASHARA wana msemo wao: biashara asubuhi, jioni mahesabu. Katika soko la upasuaji wa mifupa na viungo, mahesabu ya jioni hayakufanywa kwa miaka mingi. Mgonjwa alipasuliwa, hospitali ikalipwa, mtengenezaji wa vifaa akauza. Ni wachache waliorudi baada ya miaka miwili kuuliza kama goti lilipona kwa sababu ya kisu au lingepata nafuu bila kisu.

Hali hiyo imebadilika. Tafiti kadhaa zilizochapishwa tangu mwaka 2002 zimeonyesha kuwa baadhi ya upasuaji uliouzwa kwa wingi haukuwa na faida iliyodhaniwa, na kwamba mwingine uliotiliwa shaka una thamani yake. Matokeo hayo yamegusa mifuko ya bima, viwanda vya vifaa na wenye hisa zao.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida somo liko karibu zaidi. Goti likiumia uwanjani Jumapili, duka halifunguliwi Jumatatu. Uamuzi wa kuuza kiwanja au kumaliza mtaji ili kulipia upasuaji hufanywa kwa haraka, mara nyingi bila takwimu yoyote mkononi.

JARIBIO LA HOUSTON

Pigo la kwanza kubwa lilitoka Houston, Marekani, Julai 2002. Madaktari wa hospitali ya wanajeshi wastaafu waliwagawa kwa kura wagonjwa 180 ambao magoti yao yalikuwa yamelika gegedu. Kundi la kwanza lilikwanguliwa na kusafishwa goti kwa vyombo vinavyoingizwa kupitia matundu madogo. Kundi la pili lilioshwa goti kwa maji tu. Kundi la tatu lilichanjwa ngozi, likashonwa, na ndani ya goti hakikufanyika kitu. Wagonjwa hawakuambiwa wako kundi lipi.

Walifuatiliwa kwa miaka miwili. Katika kipindi chote hicho hakuna wakati ambapo makundi mawili ya kwanza yalionyesha maumivu kidogo au mwendo bora kuliko lile lililochanjwa ngozi tu.

Wakati huo Marekani pekee ilikuwa ikifanya zaidi ya upasuaji 650,000 wa aina hiyo kila mwaka, kila mmoja kwa gharama ya dola 5,000 hivi. Hiyo ni biashara ya zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Mwaka 2004 Medicare, mfuko wa serikali unaowalipia wazee wa nchi hiyo, uliacha kulipia uoshaji wa goti kama tiba ya gegedu lililolika.

Wafini walifuata nyayo hizo. Desemba 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Hawa walikuwa na mchaniko unaotokana na uchakavu katika gegedu lenye umbo la mwezi mchanga, lile linalokaa kati ya mifupa ya goti kama mto. Nusu walikatwa kipande kilichochanika, na wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Watafiti hao walikumbusha kuwa ukataji huo wa gegedu ulikuwa ukifanywa mara 700,000 kwa mwaka nchini Marekani, na kugharimu takriban dola bilioni 4.

Ikumbukwe kuwa matokeo hayo yanahusu mchaniko wa uchakavu. Hayamhusu kijana ambaye gegedu lake limechanika ghafla uwanjani na goti likakwama lisikunjuke. Mwenye kusoma kichwa cha habari tu anaweza kukosea pande zote mbili.

KANO YA WANASOKA

Jeraha linaloogopwa zaidi na wachezaji ni kukatika kwa kano ya mbele ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Kwa muda mrefu ushauri ulikuwa mmoja: pasua mapema, tengeneza kano mpya.

Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 wapenda michezo, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliokatika kano hiyo. Wachezaji wa kulipwa hawakuhusishwa. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kupewa mazoezi ya tiba. La pili lilianza na mazoezi, likiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye iwapo goti litaendelea kulegea. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa katika hali inayolingana. Katika kundi la pili, 23 kati ya 59 walikuwa wameshapasuliwa. Waliobaki, zaidi ya nusu, walikuwa hawajahitaji kisu. Kufikia mwaka wa tano, hata hivyo, nusu ya kundi hilo ilikuwa imeshapita chumba cha upasuaji.

Mwaka 2022 mizani ilielemea upande wa pili. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 316 ulichunguza watu ambao jeraha lao halikuwa jipya tena na goti lilikuwa bado linawatoka. Hapo waliopasuliwa walipata matokeo bora kuliko walioanza na mazoezi, na hesabu ya gharama ilionyesha kuwa upasuaji ulilipa.

Ukiziweka pamoja, tafiti hizo mbili hazipingani. Goti jipya lililoumia linaweza kupewa miezi ya mazoezi kwanza. Goti ambalo limelegea kwa muda na halitaki kutulia ni mteja halali wa daktari wa upasuaji.

Kosa kubwa la gharama hutokea baadaye, katika haraka ya kurudi uwanjani. Utafiti wa pamoja wa Oslo na Delaware uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 106 waliotengenezewa kano. Kila mwezi wa subira hadi kufikia mwezi wa 9 ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Waliorudi kabla ya kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka waliumia tena kwa asilimia 38. Waliofaulu kwanza, chini ya asilimia 6. Klabu inayomrudisha mchezaji wake mwezi wa 5 ili auzike kwenye usajili inacheza kamari na mali yake yenyewe.

HASARA YA CHUMA JUU YA CHUMA

Kwa wenye hisa, somo la bei kubwa zaidi lilitoka kwenye nyonga. Kampuni ya DePuy, iliyonunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 1998 kwa dola bilioni 3.5, ilikuwa na nyonga bandia iliyoitwa ASR. Kichwa chake cha chuma kilizunguka ndani ya kikombe cha chuma. Wazo lilivutia: chuma hakichakai upesi kama plastiki, kwa hiyo kingemfaa mgonjwa kijana na mwenye kupenda michezo.

Kilichotokea ni kwamba chuma kilisagana na chuma. Chembe za kobalti na kromi ziliingia katika nyama inayozunguka kiungo na katika damu. Nyonga zikalegea, na wagonjwa wakarudi kupasuliwa upya.

Aliyegundua mapema alikuwa karani mwenye daftari. Australia ilianza mwaka 1999 kuandika kila kiungo bandia kinachowekwa na kila kinachotolewa. Sweden ilikuwa imeanza daftari la magoti mwaka 1975 na la nyonga mwaka 1979. Uingereza ilifuata mwaka 2003. Daftari la Australia lilionyesha ASR ikitolewa mara nyingi kuliko nyonga nyingine, na mwishoni mwa 2009 bidhaa hiyo iliondolewa katika soko hilo. Agosti 2010, baada ya takwimu za Uingereza kuonyesha kuwa takriban 1 kati ya 8 ilihitaji kubadilishwa ndani ya miaka 5, kampuni iliirudisha ASR duniani kote. Nyonga zipatazo 93,000 zilikuwa zimeshauzwa.

Novemba 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kumaliza madai ya wagonjwa wapatao 8,000 nchini Marekani. Linganisha fedha hiyo na bei iliyolipwa mwaka 1998 kuinunua kampuni nzima. Shirika kubwa lenye dawa, sabuni na bidhaa mia nyingine linaweza kumeza hasara ya namna hiyo. Kampuni ndogo inayotegemea bidhaa moja ingezikwa nayo.

Soko lenyewe halikufa. Zimmer iliinunua Biomet mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 13. Stryker iliinunua Mako, watengenezaji wa roboti za kusaidia upasuaji, mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.65. Hata hivyo swali la Houston lingali linawafuata wote. Roboti kukata mfupa kwa usahihi zaidi ni jambo moja. Mgonjwa kutembea vizuri zaidi baada ya miaka 10 ni jambo jingine, na ni hilo la pili ambalo mlipaji wa bima atataka kulinunua.

HESABU ZA DAR ES SALAAM NA LAGOS

Afrika Mashariki si mtazamaji tu katika mambo haya. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ilifanya jaribio lake kuhusu jeraha linalojulikana mno katika barabara zetu: mfupa wa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi.

Wagonjwa 240 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 2015 na 2017. Baadhi walifungwa vyuma vya nje ya mguu. Wengine waliingizwa chuma ndani ya mfupa wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti ya uhakika katika maambukizi makubwa na haja ya kupasuliwa tena ndani ya mwaka mmoja. Wenye chuma cha ndani walijisikia vizuri zaidi katika wiki 6, na mifupa yao iliunga ikiwa imenyooka zaidi, lakini kufikia mwaka hali za makundi hayo zilikuwa zimekaribiana.

Kwa mwenye bodaboda au mchuuzi, matokeo hayo yana thamani ya fedha. Anayeambiwa kuwa bila kifaa fulani cha gharama mguu wake umekwisha ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi.

Bei ya vifaa nayo si amri ya mbinguni. Shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hupeleka vyuma vya ndani ya mfupa kama msaada katika hospitali za nchi maskini. Vimebuniwa ili daktari aweze kuviweka bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Rahisi kuliko vyote ni kinga. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Lagos, Nigeria, lililohusisha vijana 416 wa timu 20 za soka. Timu zilizopewa mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, ambayo huchukua kama dakika 20 na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Majeraha ya miguu yalipungua kwa asilimia 48. Hakuna kiwanda kinachopata faida kwa mazoezi hayo, na pengine ndiyo sababu hayatangazwi kwa mabango.

MWEKEZAJI AFANYEJE?

Kwa mwenye kuwekeza, iwe katika hisa za nje, kliniki ya mtaani au duka la vifaa vya tiba, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, wingi wa mauzo si ushahidi wa ubora. Upasuaji wa Houston uliuzwa mara 650,000 kwa mwaka hadi ulipopimwa.

Pili, daftari la viungo bandia ni chombo cha biashara pia. Ripoti za mwaka za Australia na Uingereza ziko wazi kwa umma, na huonyesha ni bidhaa zipi zinazotolewa miilini kabla ya wakati wake. Agenti wa kuingiza vipandikizi asiyezisoma ananunua mbuzi kwenye gunia.

Tatu, fedha zinahama kutoka kisu kwenda mazoezi ya tiba. Tafiti nyingi hapo juu zimeipa kazi ya mtaalamu wa mazoezi thamani ambayo haikupewa zamani. Kliniki ya namna hiyo huanza kwa mtaji mdogo kuliko chumba cha upasuaji, na mteja wake hurudi kila wiki.

Nne, na hili ni la kila mwenye goti: kabla ya kulipa, yafaa kuuliza maswali matatu. Jeraha hili ni la ghafla au ni la uchakavu? Nikianza na miezi mitatu ya mazoezi, nitapoteza nini? Na wagonjwa wenu wa mwaka juzi waliofanyiwa kama hivi, wako katika hali gani leo?

Hospitali yenye majibu ya swali la mwisho imeshafanya mahesabu yake ya jioni. Isiyo nayo inamtaka mteja alipe asubuhi na kusubiri giza.