Sura ya Saba: Kusema au Kunyamaza Ufukweni

Bomu likilipuka chini ya bahari, mlio wake hufika mbali sana, kwa sababu maji hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita kwa chombo kando ya pwani ya Tanzania wakiburuta maikrofoni za majini ili kuwasikiliza pomboo na nyangumi. Zile maikrofoni zilinasa pia milipuko ya wavuvi: zaidi ya 300 kwa takriban mwezi mmoja, na zaidi ya nusu yake katika maji ya karibu na Dar es Salaam, mji wenye polisi wanamaji na soko kubwa la samaki la Feri.

Watafiti walihitaji mashine ili kuhesabu. Watu wa pwani hawakuihitaji ili kujua. Uvuvi wa baruti umekuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960, na kila diko lina watu wanaojua ni chombo gani hutoka na chupa ya baruti na ni nani anayekinunulia mafuta. Mvuvi wa mshipi anajua. Mchuuzi aliyeketi mchangani na beseni lake anajua, kwa kuwa samaki wa bomu humtambua akimshika: nyama imelegea, mifupa imevunjika ndani, damu imevilia kwenye macho. Basi elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, na mahali pa kusemea.

Sura hii inahusu uamuzi huo wa kusema au kunyamaza, ambao vitabu vingi vya uvuvi huupita kwa sentensi moja: wananchi watoe taarifa. Mwenye kuandika hivyo hajalala katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake kwa jina la babu.

Tuanze na sababu za watu kunyamaza, maana ni nzito na hazistahili kubezwa. Mlipuaji si mgeni. Ni mtoto wa jirani, au shemeji, au ndiye aliyeleta mchele siku ya msiba wako. Nyuma yake yupo tajiri, mwenye mashine na barafu, ambaye nusu ya diko inadaiwa naye fadhila na nusu nyingine inadaiwa naye fedha. Ukimchomea utambi mtu wa tajiri, nani atanunua samaki wako kesho? Ipo pia hofu ya wazi: nyavu hukatwa usiku, ngalawa hutobolewa. Na ipo ile hofu inayotokana na uzoefu, kwamba taarifa itamfikia mtuhumiwa kabla haijamfikia mkubwa, atatoa chochote, atarudi jioni, na wewe utabaki na uadui usio na faida. Mtu anayepima mambo haya na kuamua kukaa kimya hajapotewa na akili.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, nayo kwangu ndiyo inayoeleza mengi kuliko zote. Mtu hunyamaza pale anapoona adhabu itakayomkuta mwenzake ni kubwa kuliko kosa alilolitenda. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi kusimamia uvuvi katika Ziwa Victoria. Mitumbwi na nyavu zilichomwa, na wavuvi wakalalamika kupigwa. Upande wa Tanzania, Operesheni Sangara ya 2018 ilikuja na uchomaji wa nyavu na faini kubwa, hadi malalamiko yakafika Bungeni. Na Juni mwaka huohuo maofisa waliingia na rula katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, kupima samaki waliokuwa wameandaliwa. Sisemi operesheni hizo hazikuwa na sababu. Sangara wa chini ya sentimita 50 walikuwa wakivuliwa kwa wingi, na nyavu haramu zilijaa mialoni. Lakini jiweke mahali pa mama anayejua kwamba jirani yake ana kipande cha wavu haramu wa timba chini ya kitanda. Anajua pia kwamba akisema, jirani atapoteza mtumbwi, na watoto watano watakosa chakula msimu mzima. Mama huyo atafunga mdomo, na ataufunga hata siku atakapomwona mtu mwenye makosa makubwa mara kumi, kwa sababu amejifunza kwamba serikali ina adhabu ya ukubwa mmoja.

Mwanazuoni Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofaulu kutunza mali ya pamoja kwa vizazi: malisho, mifereji ya umwagiliaji, maji ya uvuvi. Katika kitabu chake cha 1990 alionyesha kwamba karibu zote zina kanuni mbili zinazotuhusu hapa. Wanaolinda ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao, na adhabu hupanda ngazi, ikianza ndogo kabisa kwa kosa la kwanza. Mfano wake mmoja ni wavuvi wa Alanya, Uturuki. Kila Septemba hupiga kura kugawana sehemu za kutegea nyavu, kisha kila chombo husogea sehemu moja upande wa mashariki kila siku hadi Januari, halafu hurudi magharibi hadi Mei. Mwenye zamu ya sehemu nzuri leo atakuwapo alfajiri, na mwizi wa zamu atamkuta hapohapo. Hakuna anayehitaji mpelelezi. Ugomvi ukitokea, mara nyingi humalizwa katika nyumba ya kahawa.

Hapa kwetu jambo linalofanana na hilo limetokea kwenye pweza. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, na Songosongo huko Kilwa, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu. Pweza hukua upesi mno, na siku ya kufungua kina mama na wapigaji wa mkuki huvuna wakubwa. Katika muda wa kufunga, anayeingia usiku na taa anamwibia mtu anayejulikana kwa jina: shangazi fulani anayeisubiri siku ile ili alipe ada ya shule. Kanuni iliwekwa na wanakijiji katika mkutano, na faini wanaijua tangu mwanzo. Katika hali hiyo kusema hakumfanyi mtu kuwa mbea.

Kwa hiyo unapoona kosa baharini, la kwanza kujiuliza ni aina ya madhara. Bomu na sumu havina mjadala. Bomu huua mayai, watoto na wazazi kwa pamoja. Samaki wengi waliouawa huzama kwa sababu kibofu chao cha hewa kimepasuka, na mlipuaji huokota sehemu tu. Matumbawe hugeuka kifusi, na kifusi hicho huviringishwa na mawimbi, hivyo tumbawe changa halipati pa kushika. Mwamba wa namna hiyo unaweza kukaa miongo kadhaa bila kurudi. Juu ya hayo, chupa hiyohiyo imewakata watu mikono na kuwaua vijana. Hapa sioni nafasi ya kumwonya mtu kwanza pembeni, kwani unaweza kuwa unamwonya mtu mwenye baruti mkononi. Toa taarifa, na uitoe ngazi ya juu ya kijiji ikiwa unajua kijiji kimenunuliwa. Utupa na sumu za viwandani vihesabu hukohuko.

Juya linalokokotwa ni jambo jingine. Linasomba majani ya bahari na kubeba watoto wa changu na tasi ambao wangekuwa samaki wa mwakani. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, na utafiti uliofanywa baadaye kwenye madiko ya kusini mwa Mombasa ulionyesha kwamba wavuvi wa madiko yaliyoliondoa juya walipata kipato kizuri kuliko wa yale yaliyoendelea nalo. Hata hivyo kundi la juya lina watu wengi: vijana wanaovuta kamba kwa gao dogo, wazee wasioweza tena kwenda maji makuu. Mwenye juya ni mmoja, na mara nyingi hayupo majini. Taarifa inayowataja wavutaji na kumwacha mwenye nyavu ni taarifa nusu. Hapa mahali pa kuanzia ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, kinachotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya 2003 na, kwa Kenya, na kanuni za 2007. Zanzibar ni kamati ya wavuvi ya shehia. Kosa likirudiwa baada ya onyo, nenda kwa bwana samaki wa wilaya.

Halafu kuna yule mama mwenye chandarua, akiwa na maji magotini, anatafuta uduvi au dagaa wa kitoweo cha jioni. Chandarua kinaharibu, hilo ni kweli, kwa sababu hakichagui. Lakini kumpeleka polisi ni kuuhukumu umaskini. Mwendee mchana, na mwanamke mwenzake ndiye bora, amweleze yanayofia mle ndani. Mgeni wa dago aliyekuja na kusi bila kujua mipaka ya eneo lililofungwa, naye aelezwe kwanza. Nimeona watu wenye ari ya uhifadhi wakianza na hawa kwa sababu ndio rahisi kuwashika, na siku zote imewagharimu imani ya kijiji.

La pili la kujiuliza ni kama umeona au umesikia. Hapa nataka kukaza, maana taarifa za uvuvi hugeuzwa silaha haraka. Wenye mishipi na wenye madema wana ugomvi wa zamani na wenye nyavu, na pwani ya Kenya mzozo wa nyavu za ringineti umewagawa wavuvi kwa miaka. Katika mazingira hayo si kila anayepiga simu anaitetea bahari. Ukiambiwa na mtu kwamba fulani analipua, ulichonacho ni neno la huyo mtu. Sema hivyo unapotoa taarifa. Kama uliona, sema uliona nini: mahali kwa jina la mwamba, saa, hali ya maji, rangi ya chombo na namba ya usajili ubavuni, aina ya zana, kilielekea wapi. Usikifukuze chombo. Usitoe simu kupiga picha mbele ya watu wenye baruti. Kilicho na thamani kubwa kuliko picha ni habari ya nchi kavu: samaki walishushwa wapi, nani alileta barafu, gari gani lilibeba. Mvuvi anaweza kubadilisha mwamba kila usiku, lakini mnunuzi na friza yake hawahami.

La tatu ni nani anayepokea. Hifadhini, kama Kisiwa cha Mafia, pana askari wa hifadhi ya bahari. Katika hifadhi za bahari za Kenya ni shirika la wanyamapori, KWS, na tangu 2018 ipo Huduma ya Walinzi wa Pwani. Zanzibar wapo KMKM, kikosi cha kuzuia magendo. Kabla ya kwenda popote, uliza wazee wawili watatu mnaoaminiana: taarifa ya mwisho iliyopelekwa pale ilifanyiwa nini? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mabango ya ofisini.

Usalama wa msemaji ni deni la kila mpokeaji. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na ni vyema mtu aijue kabla ya kufungua mdomo. Lakini sheria huficha jina ndani ya faili tu. Dikoni, ikiwa vyombo vitatu tu vilikuwa maji makuu alfajiri ile, mlipuaji hahitaji faili ili akutambue. Kwa hiyo ofisa mwenye busara hatafika saa moja baada ya simu yako akaenda moja kwa moja kwenye nyumba uliyoitaja. Atangoja, atakagua vyombo vyote, atamkamata mtu sokoni badala ya ufukweni. Na msemaji mwenye busara hatakwenda peke yake akiweza kwenda na wenzake kumi. Wavuvi kumi wa mshipi wakitia saini barua moja, tajiri hawezi kuwanyima wote barafu, maana naye anaishi kwa samaki wao.

Baada ya kusema, kazi haijaisha. Tanzania Bara mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mtu mzima ana haki ya kuuliza. Uliza taarifa ngapi za uvuvi haramu zimepokelewa tangu mkutano uliopita, ngapi zimefika kwa bwana samaki, ngapi zimefika mahakamani, na faini zilizokusanywa ziko wapi. Katika maswali hayo hutaji jina la mtu, na hakuna anayeweza kukuita msaliti kwa kuyauliza. Yakiulizwa mkutano baada ya mkutano, na majibu yakaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti atalazimika kuwa na daftari, na bwana samaki atalazimika kuwa na la kumpa.