Ada Ndogo, Nauli Kubwa: Kijana Akajifunzie Wapi Ujenzi?

Mzazi anayemtafutia mwanawe chuo cha ufundi huanza kwa kuuliza ada. Kwa fani ya ujenzi, ada ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote. Katika vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ada ya kozi ndefu imekaa kwa miaka mingi kwenye Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Hela inayomtoa kijana darasani ni nyingine kabisa.

Chukua kijana wa Dar es Salaam anayelazimika kupanda daladala mbili kufika chuoni. Kila gari Sh600, kwenda na kurudi inakuwa Sh2,400 kwa siku. Akisoma siku 200 kwa mwaka, nauli peke yake imefika Sh480,000, mara nane ya ada, na bado hajala mchana. Kwa hiyo yule mzazi anayekwepa bweni kwa kuona ni ghali anajiumiza mwenyewe: tofauti ya bweni na kutwa ni Sh60,000, ambayo ni nauli ya wiki tano tu. Nafasi za bweni hazitoshi wote, basi fomu iombwe mapema, na iulizwe wazi kama chakula kimo ndani ya ada au kinalipiwa pembeni.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye fomu. Kijana huyo angeweza kuwa saidia fundi. Tuseme analipwa Sh15,000 kwa siku na anapata kazi siku tatu kwa wiki, maana saiti hazikuiti kila asubuhi. Katika wiki 40 za masomo ameacha Sh1,800,000. Badilisha kiwango hicho kwa cha mtaani kwako, jibu bado litaizidi ada kwa mbali. Kama nyumbani kuna bibi na wadogo wanaokula kwa mkono wake, hiyo ndiyo ada yenyewe, na hakuna chuo kitakachokupa risiti yake.

Basi abaki saiti? Wengi wanabaki, na mafundi wazuri sana wametoka huko. Analipwa huku akijifunza, anaona msingi hadi paa, anawajua wauza mchanga na nondo. Shida ni kwamba anarithi tabia za fundi wake, nzuri na mbaya kwa pamoja. Fundi asiyemwagilia zege maji kwa siku saba za mwanzo atamzaa fundi mwingine asiyemwagilia. Kijana atajua kuchanganya zege, lakini huenda asiambiwe kwamba maji yakizidi zege linadhoofika hata kama saruji haikupunguzwa. Na siku akianguka kutoka kwenye jukwaa? Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo tangu 2008, ila kibarua asiye na karatasi yoyote ana kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba aliajiriwa.

Katikati ya njia hizi mbili ndipo zinapokaa biashara za kijamii: kampuni au taasisi zinazochukua vijana wasio na uwezo, zikawafundisha kwa kazi halisi inayouzwa kwa wateja, na mapato yakarudi kuendesha mafunzo. Wazo si geni. Mjini New York, mwaka 1978, Dorothy Stoneman na vijana wa East Harlem walianza kukarabati jengo lililotelekezwa, na kutoka hapo ikazaliwa YouthBuild, ambako kijana hugawa muda wake kati ya darasa na ujenzi wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Jirani zetu Nairobi wana Buildher, ambayo mbunifu majengo Tatu Gatere ni mmoja wa waanzilishi wake, inayowafundisha wasichana wa kipato cha chini kazi ambazo walizoea kuambiwa ni za wanaume.

Kinachonivutia kwenye biashara hizi ni ukuta wenyewe. Chuoni mwanafunzi hujenga ukuta wa mazoezi, mwalimu anaukagua, unabomolewa, tofali zinatumika tena. Ni sawa kwa wiki za mwanzo. Lakini ukuta ambao mteja ataulipia haubomolewi bila mtu kuumia mfukoni, na ndipo kijana anapojifunza kuheshimu timazi na pima maji, kukadiria mifuko ya saruji kabla ya kuinunua, na kuongea na mwenye nyumba aliyekasirika.

Hapo hapo ndipo penye mtego. Biashara inayouza kazi ya wanafunzi ina kishawishi cha kumweka kijana mahali anapoingiza hela, si mahali anapojifunza. Ukikuta kijana amebeba karai miezi minne bila kushika mwiko, hapo kuna kibarua wa bei poa aliyepewa jina la mwanafunzi. Nami huwa na wasiwasi na taasisi yenye picha nyingi za helmeti mpya na majengo machache ya kuonyesha. Uliza posho ni kiasi gani na inalipwa lini. Uliza vifaa ni vya nani mwisho wa mafunzo, maana fundi asiye na mwiko, futi na pima maji yake anarudi kuwa saidia fundi. Zaidi ya yote, uliza cheti kinatolewa na nani. Kwa Tanzania kiwe kinatambuliwa na VETA. Kwa Kenya, kijana aandaliwe kwa mtihani wa NITA, mamlaka ya huko ya mafunzo ya viwandani. Barua nzuri yenye muhuri wa taasisi yenyewe haimsaidii mbele ya mkandarasi asiyeijua.

Uamuzi wangu ni huu. Kijana ambaye nyumbani wanaweza kula bila yeye kwa mwaka mmoja aende VETA, bweni. Anayetegemewa kwa chakula cha leo atafute biashara ya kijamii yenye posho na cheti kinachotambulika. Ikikosa kimojawapo, aiache. Na yule ambaye tayari amekaa saiti miaka kadhaa asianze upya darasani: VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, anafanyiwa tathmini, anajaziwa mapengo na kupewa cheti. Aende ofisi ya VETA iliyo karibu naye aulize zoezi lijalo ni lini na linagharimu kiasi gani, na afike na picha za kazi alizowahi kufanya.